Skripti inatembea huku, kule inakataa: ni sheli gani ya kuchagua?

Tuseme fundi wa radio moja ya Bukavu ameandika skripti ya kunakili vipindi kila usiku kwenye diski ya nje. Kwenye kompyuta yake ya Fedora inatembea vizuri. Anaipeleka kwenye mashine ya studio, ile ya okazi yenye Ubuntu. Asubuhi hakuna kipindi hata kimoja kilichonakiliwa. Diski ni nzima, umeme wa SNEL haukukatika. Sasa shida iko wapi?

Iko kwenye mstari wa kwanza: `#!/bin/sh`. Mstari huo ndio unaiambia mashine ni programu gani, yaani sheli, itasoma amri zinazofuata.

Jina moja, programu mbalimbali

Sheli ya sh ya Stephen Bourne ilitoka na Unix toleo la 7, mwaka 1979. Bash ilikuja 1989 na nyongeza nyingi. Kwenye Fedora, jina sh linaficha bash. Ubuntu iliweka dash tangu 2006, Debian tangu 2011, juu dash ni nyepesi na inaanza haraka.

Dash haijui `[[ ... ]]`, wala safu kama `vipindi=(a b)`. Ubaya ni kwamba skripti haisimami kila mara. Ikikuta `if [[ -d /media/diski ]]`, dash inasema amri haipo, inahesabu jibu ni «hapana», halafu inaendelea. Usiku hakuna mtu wa kusoma onyo hilo.

Namna ya kuchagua

- Skripti itazunguka mashine nyingi: `#!/bin/sh`, na amri za kanuni ya POSIX peke yake. Tumia `[ ]` pahali pa `[[ ]]`, `printf` pahali pa `echo -e`, na nukta pahali pa `source`.
- Unahitaji safu: andika wazi `#!/usr/bin/env bash`, na hakikisha bash iko. Kwenye Mac, ile inayokuja na mashine ni ya zamani, 3.2.
- Usiite `sh faili.sh` kama ni ya bash: mstari wa kwanza hautaangaliwa.

Kabla ya kuiachia kazi

Ijaribu kwa `dash faili.sh`, kisha ipitishe kwenye ShellCheck, programu ya bure. Mwisho, chomoa diski makusudi uone skripti itasema nini. Kipindi kilichopotea hakirudi hewani.