Kiklingoni, lugha iliyozaliwa ndani ya meli

Filamu ya kwanza ya Star Trek, ya mwaka 1979, inafunguka Waklingoni, jamii ya kubuni ya angani, wakipeana amri ndani ya meli yao ya vita. Maneno yale machache aliyatunga James Doohan, mwigizaji wa Scotty, na hayakuwa na sarufi. Ilipofika zamu ya Star Trek III, iliyotoka mwaka 1984, kazi ilikabidhiwa mwanaisimu Marc Okrand, naye akayajengea maneno hayo lugha nzima.

Okrand hakuja mikono mitupu. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha Berkeley mwaka 1977, ni sarufi ya Kimutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California. Bibi Ascensión Solórsano, msemaji mahiri wa mwisho wa lugha hiyo, alifariki mwaka 1930, na Okrand alitegemea hasa madaftari ya John Peabody Harrington, aliyeyanakili maneno ya bibi huyo katika miezi yake ya mwisho. Aliyejifunza lugha kwa masalia ya namna hiyo anajua thamani ya kila neno la nyumbani.

Lakini filamu ilikuwa na mahitaji yake. Wahusika walikuwa angani, kwa hiyo kamusi aliyoitoa mwaka 1985 imeieleza meli kwa undani wa kushangaza. Meli ni Duj, sitaha ni choQ, injini ni QuQ, na chumba cha usukani, anakokaa kamanda, ni meH. Mtambo wa kuificha meli isionekane ni So'wI': So' ni kuficha, na -wI' ni kitendaji. Chumba cha kuwasafirishia watu papo kwa papo ni jolpa', na ndani yake kuna kifaa chenye jina lake peke yake, jolvoy'. Nyumba nayo ilikuwa na juH, yaani maskani, pa', yaani chumba, na lojmIt, yaani mlango. Lakini haikupewa undani kama huo.

Pengo hilo alilionja d'Armond Speers, mwanaisimu wa Marekani aliyeamua miaka ya 1990 kuzungumza na mwanawe mchanga kwa Kiklingoni kwa takriban miaka mitatu. Vitu vingi vya kawaida vya nyumbani havikuwa na majina, na mtoto hasubiri kamusi.

Wala Speers hakuwa na ruhusa ya kujitungia. Wasemaji wa Kiklingoni wana mwiko mmoja: neno jipya halikubaliki mpaka litoke kwa Okrand. Taasisi ya Lugha ya Kiklingoni, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Lawrence Schoen, ikawa njia ya kumfikishia maombi, na jarida lake, HolQeD, likachapisha majibu. Okrand husema amemuuliza Maltz, yule Mklingoni aliyetekwa mwishoni mwa Star Trek III. Mimi naiheshimu sana nidhamu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyowawezesha watu wanaoishi mbalimbali kuendelea kuelewana.

Hivyo ndivyo ujenzi ulivyojipatia msamiati wake, neno baada ya neno. Ukuta wa nje wa jengo ni reD. Ukuta unaouzunguka mji ni yergho, neno linalobeba ndani yake yer, milki, na gho, duara. Na daraja la kuvukia maji, ambalo kwa Kiingereza huitwa bridge sawa na chumba cha kamanda, likawa na jina lake, QI, lisichanganywe tena na meH.