Katamarani ya kuendesha peke yako: kabla hujalipa, jiulize utaiinuaje ikipinduka

Matangazo ya katamarani ndogo za michezo yanafanana. Mtumbwi mmoja umenyanyuka hewani, mtu amening'inia pembeni kwa waya, maji yanaruka. Inavutia kweli. Ila kama unataka kwenda baharini peke yako, fikiria kwanza picha ambayo muuzaji haitundiki: chombo kimelala ubavu, tanga liko majini, wewe unaelea pembeni yake na hakuna mwenzako. Utakiinua?

Swali hilo ndilo linalopunguza orodha ya boti za kununua haraka kuliko bei au kasi.

Kwa asiyeifahamu, katamarani ni chombo chenye mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na katikati kumewambwa kitambaa kigumu cha kukalia. Jina limetoka kwenye Kitamil, likimaanisha magogo yaliyofungwa pamoja. Mtu wa Pwani aliyewahi kupanda ngalawa anaelewa wazo lake mara moja: upana ndio unaozuia chombo kulala.

Lakini upana huohuo una upande wake mbaya. Katamarani ni ngumu kupinduka, na ikishageuka chini juu inatulia hivyohivyo kana kwamba ndivyo ilivyoundwa.

Hesabu ya kuinua

Namna ya kuinua ni moja kwa karibu zote. Unalegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ili tanga lisishike maji wala upepo. Unaogelea kukigeuza chombo mpaka upepo uweze kupita chini ya tanga na kukusaidia kunyanyua. Kisha unapanda juu ya mtumbwi wa chini, unashika kamba iliyopitishwa juu ya mtumbwi wa pili, na unaegemea nyuma kwa uzito wako wote.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Ukiwa na kilo 70, uzito wako unavuta kutoka umbali wa kama mita moja tu. Upande wa pili kuna mlingoti wa mita 8 hivi uliolala juu ya maji, na tanga lililoloa. Mlingoti ukiwa wa alumini ni mzito, wa kaboni ni mwepesi zaidi, na tofauti hiyo unaihisi mgongoni.

Chukua Hobie 16, pengine katamarani ya ufukweni inayojulikana kuliko zote duniani. Ilibuniwa California karibu na mwaka 1970 na Hobie Alter, fundi aliyeanza kwa kutengeneza mbao za kutelezea mawimbi. Ina urefu wa mita 5 na uzito wa kilo 145. Muuzaji atakwambia mtu mmoja anaiendesha, na hasemi uongo. Kwa upepo wa wastani na mtu mwenye uzoefu, inaendeshwa vizuri tu. Lakini kanuni za mashindano yake zinataka watu wawili wenye jumla ya kilo 129, maana ndivyo ilivyopangwa. Kilo 70 peke yake haziinui chombo hicho, labda upepo ukusaidie sana.

Kuna misaada. Mmoja ni mfuko wa maji: unaujaza baharini, unautundika begani au kwenye kamba ya kuinulia, na lita 40 zinakuongezea kilo 40 papo hapo, mradi mfuko uwe umetoka majini. Mwingine ni boya linalofungwa kileleni mwa mlingoti. Halikuinulii chombo, ila linakizuia kisigeuke kabisa chini juu, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Baadhi ya watu wanaliona boya linaharibu sura ya boti. Waache na sura yao. Kwa anayekwenda peke yake, ningelihesabu kuwa sehemu ya boti.

Zipi zinafaa mtu mmoja?

Kwa anayeanza, au anayetaka starehe bila presha, Hobie Wave na zinazofanana nayo ndizo pa kuanzia. Ina urefu wa karibu mita 4, kilo 111, tanga moja tu, na haina boriti ya chini ya tanga ya kukugonga kichwa wakati wa kugeuza. Imeumbwa kwa plastiki nene. Haina kasi ya kutisha, na mtu mzito ataiona ikizama kidogo upande wa nyuma. Lakini unaitoa, unaiendesha na kuirudisha bila kumwita mtu. Hoteli nyingi za ufukweni duniani hutumia boti za aina hii kwa sababu zinavumilia mikono migeni.

Anayetaka kasi na ana uzoefu atazame kundi linaloitwa F16. Urefu ni mita 5, upana mita 2.5. Kanuni zake zimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja au wawili tangu mwanzo, jambo ambalo ni nadra. Uzito wa chini kwa mtu mmoja ni kilo 104, na akiwa peke yake anaacha tanga dogo la mbele, anabaki na tanga kuu na lile kubwa la puto la kukimbilia na upepo. Si kila boti inayouzwa kwa jina hilo inafikia wepesi huo. Nyingine zina kilo nyingi zaidi. Omba zipimwe kwenye mizani, usisome tu karatasi.

Halafu kuna A-Class. Hii ndiyo katamarani ya mtu mmoja hasa: mita 5.49, kilo 75, tanga la mita za mraba 13.94, kaboni kuanzia mitumbwi mpaka mlingoti. Glenn Ashby wa Australia, aliyeongoza chombo cha New Zealand kilichotwaa Kombe la Amerika mwaka 2017, alijijengea jina humo kwa ubingwa wa dunia mara nyingi. Siku hizi ina makundi mawili: moja la kawaida, na jingine la boti zinazonyanyuka juu ya maji kwa mabawa. Kwa wepesi wake, mtu mmoja anaiinua bila kuhangaika sana. Shida yake iko nchi kavu. Ni laini kama yai. Ukiikokota juu ya jiwe moja la matumbawe, umeanza kutafuta fundi wa kaboni, na huyo hayupo kila mji.

Wapo pia wanaoishia kununua Weta ya New Zealand, ingawa ina mitumbwi mitatu na kwa hiyo siyo katamarani. Mita 4.4 kwa urefu, mita 3.5 kwa upana. Ukiiona utasema ngalawa imeenda chuo. Kwa anayeogopa kupinduka, inafaa kuijaribu kabla ya kufunga mjadala.

Maji yanapokupwa

Ushauri wa Ulaya na Marekani mara nyingi unasahau jambo moja ambalo kwetu ni la kila siku. Wakati wa bamvua, maji ya Zanzibar yanapanda na kushuka kwa karibu mita 4. Umetoka asubuhi maji yamejaa mpaka kwenye minazi, unarudi mchana unakuta mamia ya mita za mchanga, mwani na mawe kati yako na nyumbani.

Kwa hiyo angalia chini ya boti. F16 na A-Class zina mbao ndefu za kushusha majini zinazozuia kusukumwa kando, na kwenye maji ya magotini unalazimika kuzipandisha. Hobie 16 na Wave hazina mbao hizo, na usukani wao unajikunja juu ukigusa chini. Kwenye ufukwe kama wa Paje au Jambiani huo ni utulivu wa moyo. Pia nunua magurudumu mapana ya puto pamoja na boti, siyo baadaye. Kilo 145 kwenye mchanga laini hazisogei kwa maombi.

Upepo nao una tabia yake. Kusi la Juni hadi Agosti ndilo lenye nguvu, kaskazi la Desemba hadi Machi mara nyingi ni tulivu kidogo, na kati yake kuna maleleji. Ila nguvu siyo kila kitu, mwelekeo una uzito wake. Ukitokea upande wa magharibi wa Unguja, pepo zote mbili huelekea kukutoa nje kwenye mkondo wa Zanzibar. Ukishindwa kuinua chombo huko, kila dakika unazidi kwenda mbali. Upande wa mashariki unarudishwa kuelekea nchi kavu, lakini kati yako na ufukwe kuna mwamba.

Plastiki au faiba?

Kwa ufukwe wenye mawe, plastiki. Inakwaruzika na kuendelea na maisha. Lakini ikipasuka kweli, kuiunga ni kazi ngumu, wakati faiba inazibwa na fundi yeyote mzuri wa boti za faiba, Mombasa au Dar. Zote mbili zifunike, jua letu halina huruma na kamba wala kitambaa cha kukalia.

Ukiagiza mpya kutoka nje, uliza urefu wa mlingoti kabla ya kuuliza ushuru. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita 5.9 tu, na mlingoti wa mita 8 hauingii. Labda uwe wa vipande viwili, au utafute nafasi kwenye kontena la futi 40. Hapo ndipo bei nzuri ya kwenye mtandao hugeuka.

Kabla ya kutoa hela

Omba majaribio. Siyo ya kuzunguka ghuba ukiwa na muuzaji, la. Ipindue makusudi, siku ya upepo mwepesi, kwenye kina ambacho mlingoti hautagota chini, na boti nyingine ikiwa karibu. Uiinue mwenyewe, mara mbili. Ya pili ina maana zaidi kwa sababu tayari umechoka. Muuzaji akikataa, tafuta mmiliki wa boti kama hiyo akuruhusu kwenye yake.

Simamisha pia mlingoti peke yako ufukweni. Wengi hujifunza siku ya kwanza kwamba wamenunua boti ya mtu mmoja yenye mlingoti wa watu wawili.

Na vitu vya mwilini usivibanie: jaketi la kuokolea lililokubana sawasawa, kisu kidogo cha kukatia kamba, filimbi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na redio ya VHF ya mkononi ukiweza. Chaneli 16 ndiyo ya dharura. Mwache mtu ufukweni anayejua saa utakayorudi. Ukianguka, usiachie kamba uliyoshika, maana katamarani nyepesi hukimbia na upepo kuliko muogeleaji yeyote. Ikipinduka ikakushinda, panda juu yake ukae hapohapo; mitumbwi miwili inaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.