Bankambo Walilisha Udongo Mbele ya Kula

Darasani, wanafunzi wananiambia mara nyingi: «Mwalimu, bankambo walikuwa wanachoma pori bila kujua, njo maana udongo wetu umechoka.» Maneno haya yananiuma kidogo, kwani yanahukumu wazee bila kuwasikiliza. Wasomaji wapenzi, tuangalie historia ya shamba letu hapa Mokambo, halafu kila mmoja aseme ni nani aliyechosha udongo.

Mbele ya kufika kwa wazungu, Walamba, Wabemba na majirani wao walilima kwa citemene. Wanaume walipanda juu ya miti na kukata matawi, bila kung'oa shina. Matawi yalirundikwa, yakakauka, yakachomwa karibu na mvua ya kwanza. Jivu lile lilikuwa mbolea: lilipunguza uchachu wa udongo, likaupa potasi na fosfori. Walipanda mtama na ulezi, na baada ya miaka michache shamba liliachwa lipumzike, mara nyingi miaka 20 na zaidi. Huko kaskazini ya Zambia, Wamambwe wenye miti michache walikuwa na fundikila: walifukia majani ndani ya matuta mwishoni mwa mvua, yaoze, na msimu uliofuata wakatawanya udongo ule na kupanda. Kwa hiyo kufunika majani si elimu iliyotoka Ulaya jana. Ni mambo ya kwetu.

Nini kilibadilika? Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka wa 1909 na Élisabethville mwaka wa 1910. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilipaswa kulisha wafanyakazi wake, na unga mwingi ulitoka Rhodesia kwa reli ile. Kuanzia mwaka wa 1917, sheria ya mkoloni ililazimisha vijiji kulima mazao ya kuuza. Mahindi, yaliyotoka Amerika tangu zamani za Wareno, sasa yakawa mfalme wa bukari. Shamba likaombwa kila mwaka, bila kupumzika. Baadaye makala ya mji yakamaliza miti. Basi miti imeenda, lakini moto umebaki! Leo tunachoma mabua na nyasi tu. Jivu ni kidogo sana, na azoti inapanda na moshi.

Jambo hili si la vitabu tu. Mwezi wa pili 2024, rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa nane mwaka uleule, Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa ugomvi wa biashara. Sisi tunaokula unga wa ng'ambo tulielewa: anayetegemea mfuko wa jirani, sufuria yake iko mikononi mwa jirani.

Tufanye nini basi? Kwanza, tusichome mabua. Tuyatandaze kati ya mistari ya mahindi: yanazuia jua kukausha udongo, yanapunguza nguvu ya mvua kubwa, na yakioza yanarudisha chakula. Lakini tahadhari: mabua makavu, yakianza kuoza, yanavuta azoti ya udongo, na mahindi yanaweza kuwa ya manjano. Yachanganywe na majani mabichi, kama ya kunde au ya titonia, ile yenye maua ya manjano inayoota pembeni ya barabara. Majani ya titonia yakikaushwa yana karibu asilimia 3.5 ya azoti, na potasi nyingi. Watafiti wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameijaribu kama mbolea. Mbolea ya dukani pia ina kazi yake, zaidi kwa fosfori, lakini kwenye udongo uliobaki uchi mvua inabeba sehemu yake mpaka mtoni, na pesa yako pamoja nayo.

Kwa hiyo ninawajibu wanafunzi wangu hivi: bankambo hawakuchoma bure. Walilisha udongo mbele ya kuuomba chakula. Sisi tumebakiza kiberiti chao tu, tukasahau hesabu yao. Msimu huu, kila nyumba iache hata mistari mitano bila kuchoma, ifunikwe majani, halafu wakati wa mavuno tulinganishe masuke. Shamba lenyewe litasema.