Moto wa Banalia

Mswahili wa pwani akisikia neno moto sokoni Banalia, asikimbilie ndoo ya maji. Mji huu uko ukingoni mwa mto Aruwimi, kaskazini mwa Kisangani, na una lugha mbili kubwa za mawasiliano. Kiswahili kilifika na misafara ya akina Tippu Tip. Kilingala kilipanda na mto Kongo, vinywani mwa askari na wafanyakazi wa meli.

Kilingala kina moto tatu. Ya kwanza ni mtu, na sauti hubaki chini katika silabi zote mbili. Ya pili ni kichwa: sauti hupanda mwishoni. Ya tatu ndiyo ya jikoni. Sauti huanzia juu, na hizo o mbili hutamkwa kwa mdomo uliopanuka zaidi. Kalamu haijali hayo, wengi huziandika sawasawa.

Kwa sura, zote ni pacha wa moto wetu, lakini damu ni ya ile ya tatu tu, ambayo hata Washona wa Zimbabwe wanaitumia kwa maana iyo hiyo. Ya kwanza ni ndugu wa mtu, na wa omuntu wa Waganda waliohifadhi ile n ya asili. Ya pili inanivutia zaidi. Waganda husema omutwe, Wakikuyu mũtwe. Sisi tulibadili kiambishi tukapata kitwa, kama wasemavyo bado Waamu, kisha kichwa. Nani angedhani kichwa na moto hii ya pili ni ndugu?

Kiswahili kimepoteza toni, kwa hiyo sikio letu halisaidii sana hapa. Sarufi ndiyo inayookoa: moto ayei, mtu amekuja; moto epeli, moto umewaka. Ile a ya mtu hata sisi tunayo. Na kwa wingi, watu ni bato, vichwa ni mito.

Siku hizi barabara ya Buta imeleta ya nne, pikipiki, iliyokatwa kutoka Kifaransa motocyclette. Hii haina undugu na yoyote kati ya hizo, ila wingi wake ni bamoto, kwa kiambishi kile kile cha watu.