Jumuiya Ikivunjika, Mkaazi Anabaki na Karatasi Gani?



Hivi karibuni nilikwenda Masuguru, Handeni, kumjulia hali mjomba wangu. Miguu imeanza kumkatalia lakini masikio yangali mazima, na redio yake hailali. Siku hiyo alikuwa amesikia habari za Waingereza wanaoishi Hispania na Ufaransa, jinsi walivyotakiwa kutafuta hati za ukaazi baada ya nchi yao kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Hata mfuko sijauweka chini, akaniuliza: "Mjomba, hivi Mwingereza naye huulizwa karatasi?"

Nikamjibu kwamba huulizwa, tena sana. Basi tukakaa chini ya mwembe, nikamweleza kama nitakavyokueleza wewe.

Waingereza walipiga kura ya kujitoa tarehe 23 Juni 2016. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa mkaazi. Mkataba wa kujitoa ulisema kwamba Mwingereza aliyekuwa akiishi kihalali katika nchi ya Umoja kabla ya siku hiyo, na akaendelea kuishi hapo, haki zake za kukaa, kufanya kazi na kutibiwa zinabaki. Akitimiza miaka mitano anapata ukaazi wa kudumu. Aliyehamia tarehe 1 Januari 2021 ni mgeni kama wageni wengine, apange foleni.

Nchi za Umoja ziliruhusiwa kuchagua njia mojawapo kati ya mbili. Hispania ilichagua kwamba haki inakuja yenyewe kwa kuwa ulikuwepo, na kadi ni ushahidi tu. Hata ile hati ya kijani ya zamani ilibaki kuwa ushahidi. Ufaransa ilichagua njia ngumu zaidi: hukuomba, huna. Na Waingereza wengi wa Ufaransa walikuwa wameishi miaka kumi, ishirini, bila karatasi yoyote ya ukaazi, kwa sababu sheria haikuwadai. Ghafla ikawabidi kutafuta risiti za umeme na za kodi ya nyumba ili kuthibitisha kwamba walikuwapo. Ufaransa ilisogeza mbele siku ya mwisho ya kuomba, kutoka Juni hadi mwisho wa Septemba 2021, kwa sababu watu walikuwa wanachelewa. Kule Sweden, ambako nako ilikuwa lazima kuomba, mamia ya Waingereza waliamriwa kuondoka katika miaka iliyofuata.

Tena haki hiyo imefungwa kwenye nchi moja. Mwingereza wa Hispania aliyezoea kwenda kufanya kazi Ureno apendavyo, sasa Ureno ni ugenini kwake.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kazi yenye picha yake, kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Nilikuwa nikiisikia tu kadi hiyo tangu utoto; sikuwahi kuishika.

Hapa hapana budi nirudi nyuma. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba. Makao makuu yakawa Arusha. Reli ikaongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala, ndege kutoka Nairobi. Kwa mpango huo mtumishi alihamishwa kutoka nchi hii kwenda ile kama mwalimu anavyohamishwa kutoka Korogwe kwenda Lushoto. Mjomba aliajiriwa na shirika mojawapo la Jumuiya, na mwaka 1973 akapangiwa Mombasa. Akaoa huko, Mdigo wa Kwale. Hakuwahi kujiuliza anaishi Mombasa kwa kibali gani. Kadi ya kazi ilitosha.

Januari 1977 alikuja Masuguru kumzika bibi yangu. Mkewe alibaki Mombasa na mtoto wa miezi minane. Kabla ya arobaini kwisha, ndege za Jumuiya zilikuwa zimeacha kuruka, Kenya imeanzisha shirika lake, na Tanzania imefunga mpaka. Hiyo ilikuwa Februari. Katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikawa imekufa. Hapakuwa na kipindi cha mpito wala tarehe iliyotangazwa mapema. Mtu alilala mtumishi wa nchi tatu, akaamka raia wa moja, na kama aliamkia upande usio wake, shauri yake.

Msikilizaji wa Tanga atanikatiza hapa. Atasema Wadigo wako pande zote mbili, na Horohoro ina njia za panya kuliko idadi ya minazi. Kweli kabisa. Mjomba mwenyewe alipita mwaka 1978, kwa miguu, usiku, akafika kwa wakwe zake. Kuvuka hakukumshinda. Kilichomshinda ni kukaa. Siku ya pili tu watu wakaanza kuuliza huyu ni nani. Akatoa kadi yake. Ilikuwa kadi ya shirika ambalo halipo, la Jumuiya ambayo haipo. Ofisa mmoja aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia bila neno. Mjomba anasema kule kurudishiwa bila neno kulimuuma kuliko kama angefokewa. Alikaa siku kumi na nane, akarudi.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya marais watatu kukutana Arusha. Mkaza mjomba alikuja Masuguru mwanzoni mwa 1984. Binamu yangu alikuwa tayari mtoto wa shule, akamwamkia baba yake kama anavyoamkiwa mgeni.

Tarehe 14 Mei 1984, hapo hapo Arusha, ukatiwa saini mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya, uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ulikuwa mkataba wa mali, madeni na pensheni, na hata hizo pensheni wazee walizidai mahakamani mpaka miaka ya 2000. Aliyekuwa na nyumba, mke au duka upande wa pili hakuwekewa fungu. Kwa maoni yangu jambo hilo halikusahauliwa kwa bahati mbaya. Lisingeweza kukumbukwa, kwa sababu ukaazi wenyewe haukuwa haki tangu mwanzo. Mkataba wa 1967 ulikuwa wa bidhaa na huduma. Bidhaa zilikuwa na vifungu vyake. Mtu alipita kwa mazoea. Mwaka 1970, Jumuiya ikiwa hai na mikutano ikiendelea, serikali ya Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao Wajaluo. Walikuwa jirani wa ndani ya Jumuiya, wakaondoka na vifurushi.

Wala Mwingereza anayelalamika leo foleni ya Hispania asidhani jambo hili ni geni kwa serikali yake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 iliwapa wakaazi wa asili ya Asia miaka miwili kuamua uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini pasipoti ni pasipoti. Kenya ilipoanza kuwadai vibali vya kazi mwaka 1967, walianza kwenda London. Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku tatu hivi, ikaanza Machi 1968: mwenye pasipoti hiyo asiingie kwa haki ila kama yeye, mzazi wake au babu yake ana asili ya huko kwa kuzaliwa au kuandikishwa uraia. Watu wakabaki na pasipoti ya nchi isiyowapokea, katika nchi isiyowapa kazi.

Haya, na sisi wa leo? Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja waziwazi haki ya mfanyakazi kuhama na kuishi, jambo ambalo Jumuiya ya kwanza haikuwa nalo. Sheria ya nchi bado ina neno lake, na Mkenya aliyeajiriwa Korogwe bado anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja B. Lakini hatua imepigwa.

Shaka yangu iko kwenye kifungu cha 145 cha Mkataba, kinachoeleza namna nchi inavyoweza kujitoa: bunge lake liamue kwa theluthi mbili, itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, iendelee kuwajibika kwa madeni na ahadi zake. Mtu anayeishi nchi jirani siku hiyo hatajwi. Jumuiya sasa ina nchi nane, kutoka Kongo hadi Somalia, na ndani yake wamo wauguzi, walimu, mafundi na wake za watu waliovuka mipaka kwa kibali cha miaka miwili miwili. Wabunge wetu wanaokaa Arusha wanaweza kupendekeza sentensi moja tu iongezwe: aliyekuwapo kihalali kabla ya tarehe fulani, abaki. Ulaya imekwisha kuiandika, na kuinakili hakugharimu fedha.

Nilipomaliza kumweleza mjomba hayo, aliirudisha kadi kwenye bahasha. Akaniuliza hao Waingereza walikuwa na muda gani tangu kura hadi siku ya mwisho. Nikahesabu: miaka minne na nusu.

"Miaka minne na nusu," akasema. Kisha akaniagiza nikirudi nimletee betri nne, zile kubwa, maana za redio zimeanza kufifia.