Mama Yake Alitaka Awe Msusi

Dada zangu, leo nawaletea kisa cha mwanamke ambaye asili yake ni kisiwani kama sisi. Wazazi wa Constance Baker walitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, wakahamia New Haven, Marekani. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1921, mtoto wa 9 kati ya 12. Baba alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Mama aliona binti yake angefaa kuwa msusi. Ususi ni kazi ya heshima, wala siudharau, lakini Constance alitaka sheria.

Kwa pesa gani sasa? Siku moja, kwenye mkutano katika kituo cha jamii cha mtaani kwao, alisimama akaeleza bila kuficha kwa nini watu weusi hawakitumii: wao hawakuwa na sauti katika uendeshaji wake. Clarence Blakeslee, tajiri wa kizungu aliyekifadhili, alikuwa amekaa hapo hapo akisikiliza. Badala ya kununa, alijitolea kumlipia masomo. (Wangapi kati yetu tungethubutu kusema hivyo mbele ya mfadhili?) Mwaka 1946 alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka huo huo akaolewa na Joel Motley.

Tayari alikuwa akifanya kazi na Thurgood Marshall, wakili wa haki za watu weusi. Alishiriki kuandaa hati za kesi ya Brown, ambayo mwaka 1954 iliharamisha ubaguzi katika shule za umma.

Majimbo ya Kusini ndiko alikoonja shubiri. Hoteli za wazungu hazikumpokea, akawa analala kwenye nyumba za familia nyeusi. Mahakamani, majaji wengine walimgeuzia kisogo alipozungumza. Mawakili wa upande wa pili walikataa kumwita Bi. Motley. Sisi watu wa pwani tunaelewa uzito wake, maana kwetu hata mtoto mdogo anajua mtu mzima haitwi jina tupu. Kule lilikuwa jambo la makusudi: mwanamke mzungu ana heshima yake, mweusi hana.

Yeye aliendelea na hoja zake. Alisafiri Mississippi mara kwa mara kwa ajili ya James Meredith, kijana mweusi aliyekataliwa na chuo kikuu cha jimbo hilo. Oktoba 1, 1962, Meredith alisajiliwa, baada ya usiku wa ghasia zilizoua watu 2. Motley alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutetea kesi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Alitetea 10 huko, akashinda 9.

Mwaka 1966 aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, wa kwanza miongoni mwa wanawake weusi. Hata hapo hawakumwacha. Mwaka 1975 aliletewa kesi ya wanawake walioishtaki kampuni ya mawakili kwa kuwabagua katika ajira. Upande wa kampuni ukamtaka ajitoe, kwa kuwa yeye ni mwanamke, tena mweusi aliyewahi kupigania haki. Akawajibu kwamba kila jaji ana jinsia na ana rangi; kama hilo ni kosa, basi hakuna jaji hata mmoja atakayeweza kuisikiliza.

Hakujitoa.