Wavuti
Wavuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ambazo husomwa kwa kivinjari kupitia intaneti. Wengi huiita "intaneti", lakini hivyo ni vitu viwili. Intaneti ni mtandao wenyewe wa kompyuta, pamoja na nyaya na kanuni za mawasiliano. Wavuti ni huduma mojawapo inayopita humo. Barua pepe, iliyokuwepo tangu miaka ya 1970, ni nyingine, hata kama siku hizi wengi huisoma ndani ya kivinjari. Anayepiga simu kwa WhatsApp anatumia intaneti bila kufungua ukurasa wowote.

Wavuti ilibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa CERN karibu na Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliruhusu watu wote kuitumia bila malipo.